Tawi la chama cha wafamasia Kigoma: tuanze na walio kazini au wanafunzi?

Tawi la walio kazini lina uzito. Mfamasia wa hospitali ya Maweni anaweza kumwelekeza muuzaji wa duka la dawa muhimu kule Uvinza, naye akasikilizwa. Kazi ni kukutana: Kibondo na Kakonko ni mbali na mjini, na aliye zamu peke yake hawezi kufunga dirisha la dawa aje kikaoni. Hilo linaniuma, maana hao ndio wanaohitaji wenzao zaidi.

Wanafunzi wanaishi pamoja na wana ari. Septemba 25, Siku ya Wafamasia Duniani, wataingia soko la Mwanga kuelimisha watu kuhusu antibayotiki. Ila stashahada ni miaka 3. Viongozi wakihitimu, tawi huyumba.

Ningeanza na wanafunzi, kila mmoja apewe mlezi aliye kazini tangu mwaka wa kwanza.