Kishikwambi au kisomaji cha vitabu: uzoefu wangu wa kuvitumia vyote viwili nyumbani

Kabla hujauliza kipi ni bora, fungua folda unayohifadhia vitabu vyako uangalie faili zake ni za aina gani. Zikiwa nyingi ni EPUB, yaani riwaya, tawasifu na vitabu vya maandishi matupu, nunua kisomaji chenye wino wa kielektroniki, kile ambacho wengi hukiita Kindle, jina la visomaji vya Amazon, hata kikiwa cha kampuni nyingine. Zikiwa nyingi ni PDF za shule, chuo au kazini, kisomaji kidogo kitakuudhi mapema sana. Chukua kishikwambi cha inchi 10 au zaidi. Betri, macho na uzito vinakuja baada ya hapo. Mimi natumia kisomaji cha inchi 7 na kishikwambi cha Android cha inchi 10.1, na kila kimoja kina kazi ambayo mwenzake akipewa anaiharibu.

Tofauti ya faili hizo ni hii. EPUB ni maandishi yanayojipanga: ukikuza herufi, mistari inavunjika upya na ukurasa mmoja unakuwa miwili, hakuna kinachopotea. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa na haubadiliki. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, na skrini ya kisomaji cha inchi 6 ina takriban sentimita 9 kwa 12. Ili ukurasa mzima uingie lazima ushuke hadi kama asilimia 41, kwa hiyo herufi za pointi 12 zinabaki chini kidogo ya pointi 5. Hayo ni maandishi ya kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kwenye kishikwambi cha inchi 10.1 chenye umbo refu herufi hizohizo zinakuwa karibu pointi 8, zinasomeka.

Ukilazimika kusoma PDF kwenye kisomaji, anza kwa kukata pambizo. Kama zina sentimita 2.5 kila upande, upana wa maandishi unabaki sentimita 16. Kisha geuza kifaa kilale. Sasa sentimita hizo 16 zinapata nafasi ya sentimita 12, na herufi zinarudi pointi 9. Gharama yake ni kwamba kila ukurasa utausoma kwa vipande viwili au vitatu, na mchoro mkubwa utakatika katikati. Kwa hati ya safu moja, hiyo inatosha. Kwa jarida la safu mbili, jaribu programu ya k2pdfopt kwenye kompyuta. Inakata safu na kuzipanga moja chini ya nyingine kwa kipimo cha skrini yako.

Usikimbilie kugeuza PDF kuwa EPUB. Hata mwongozo wa Calibre, programu ya bure ambayo wengi wetu tunapangia vitabu, unasema PDF ni miongoni mwa miundo mibaya zaidi ya kuanzia. Nambari za kurasa na vichwa vya juu vinaingia katikati ya sentensi, aya zinakatika mwisho wa kila mstari, na jedwali linageuka mlolongo wa tarakimu zisizo na mwenyewe. Na kama PDF ni kitabu kilichoskaniwa, ndani hamna maandishi kabisa, ni picha tu. Kwanza ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, la sivyo hata kutafuta neno hutaweza.

Sasa skrini. Wino wa kielektroniki ni vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukipita, rangi moja inapanda juu na nyingine inashuka, na zikishafika zinakaa bila kula umeme tena. Ndiyo maana ukurasa unabaki kwenye kioo hata kifaa kikiishiwa chaji. Na kwa kuwa skrini inategemea mwanga wa nje kama karatasi, juani inazidi kusomeka, mahali ambapo kishikwambi kinageuka kioo cha kujitazamia.

Lakini chembe hizo haziondoki zote kwa pamoja. Baada ya kufungua kurasa kadhaa utaona kivuli cha herufi za ukurasa uliopita nyuma ya maandishi mapya, hasa palipokuwa na picha nyeusi au kichwa kinene. Kifaa hujisafisha kwa kumeta: skrini nzima inakuwa nyeusi, kisha nyeupe, kisha maandishi yanarudi. Wanunuzi wapya hudhani ni ubovu na kukirudisha dukani. Si ubovu. Kwenye Kobo, mshindani wa Kindle, unaweza kuchagua kijisafishe kila baada ya kurasa ngapi. Kwenye Kindle kuna swichi ya kukisafisha kila ukurasa. Vivuli vikikukera, washa hiyo. Kumeta kukikukera, izime uvumilie vivuli.

Visomaji vya rangi vimekuja, na hapa nina shaka. Skrini ya Kaleido 3, inayotumika kwenye visomaji vingi vya rangi, ni ileile ya nyeusi na nyeupe yenye kichujio cha rangi juu yake: maandishi ni pikseli 300 kwa inchi, lakini picha za rangi zinashuka hadi 150. Kichujio hicho pia kinakula mwanga, kwa hiyo ukurasa unaonekana wa kijivu na unalazimika kuwasha taa hata mchana. Kwa majalada ya vitabu na kupigia mistari ya rangi, sawa. Kwa vibonzo, atlasi au vitabu vya picha vya watoto, kishikwambi cha kawaida kinakiacha mbali.

Watu wanauliza sana kuhusu macho na usingizi. Kisomaji cha siku hizi kina taa za LED pembezoni zinazosambaza mwanga juu ya ukurasa. Kishikwambi kinautoa mwanga moja kwa moja kuelekea usoni. Utafiti wa Anne-Marie Chang na wenzake uliotoka kwenye jarida la PNAS mwishoni mwa 2014 uliwapa watu 12 kishikwambi cha kusomea kwa saa 4 kabla ya kulala, mwanga ukiwa umefunguliwa wote, na walichelewa kusinzia kwa kama dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Kwa kipimo kikali hivyo, dakika 10 hazinitishi. Kinachoharibu usomaji wa usiku kwenye kishikwambi ni arifa. Kizime intaneti, weka kurasa nyeusi au za rangi ya mchanga, shusha mwanga mpaka ulingane na wa chumba, na nusu ya malalamiko yanaisha. Wanaoumwa kichwa kwenye skrini za OLED, zile ambazo kila nukta hujiwakia yenyewe, zikipunguzwa mwanga wajue kwamba nyingi hupunguza kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Dawa ni kuongeza mwanga wa skrini kidogo na kuwasha taa ya chumba, au kuchagua kishikwambi cha LCD, ambacho taa yake iko nyuma ya skrini.

Uzito hauonekani dukani, unaonekana ukilala chali. Visomaji vya inchi 6 na 7 vina kama gramu 160 hadi 220. Kishikwambi cha inchi 10 kinakaribia gramu 500, na kava gumu linaongeza nyingine. Kifundo cha mkono kitakwambia.

Betri ndiyo sehemu ambayo matangazo yanahitaji kusomwa kwa kalamu mkononi. Amazon iliponadi Kindle Paperwhite ya 2021 kwa "wiki 10", hesabu ilikuwa nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi imezimwa na taa katika kiwango cha 13. Siku 70 mara nusu saa ni saa 35. Kishikwambi kizuri kinatoa kama saa 10. Kwa hiyo tofauti ya kusoma kwenyewe ni mara tatu na nusu hivi. Kisomaji kinashinda zaidi pale kinapokuwa kimelala: hakuna kinachotembea nyuma ya pazia, wakati kishikwambi kinaendelea kupakua masasisho na kuulizia barua pepe ukiwa umekiweka kabatini. Ukisoma saa tatu kwa siku na taa imepanda, usishangae kuchaji kisomaji baada ya wiki moja na siku chache.

Kuna jambo ambalo tathmini za vifaa hivi hazigusi kwa sababu waandishi wake hawasomi Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, na kifaa kikisawazisha kingo zote mbili bila kujua mahali pa kukata neno, mistari inabaki na mapengo makubwa katikati. Herufi zikiwa kubwa kwenye inchi 6 hali inakuwa mbaya zaidi. Nenda kwenye mipangilio ya ukurasa, panga maandishi upande wa kushoto tu, punguza pambizo za skrini, shusha herufi hatua moja. Angalia pia lugha iliyoandikwa ndani ya faili: EPUB nyingi za Kiswahili zimewekewa alama ya Kiingereza, na hapo kifaa kinakata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Kwenye Calibre, chagua kitabu, fungua kuhariri taarifa zake, badilisha lugha iwe Kiswahili, kisha kigeuze upya kuwa EPUB ili alama hiyo iingie ndani ya faili. Kamusi za kugusa neno nazo hazitarajii viambishi vyetu. Ukigusa "walipomkaribisha", kamusi inayotafuta neno kama lilivyoandikwa haitakupeleka kwenye "karibisha". Kwenye kishikwambi angalau unafungua kamusi nyingine pembeni, na Android ina sauti ya Google inayosoma Kiswahili kwa kusikika, jambo lenye faida kubwa kwa mzee ambaye macho yamechoka.

Kuhamisha vitabu ndiko wengi wanakokwama. Kobo na PocketBook zinasoma EPUB moja kwa moja: chomeka waya, buruta faili, chomoa kwa utaratibu. Kindle haisomi EPUB iliyoburutwa hivyo, lakini tangu 2022 huduma ya Amazon ya kutuma vitabu inaipokea na kuigeuza yenyewe. Unahitaji intaneti tu. Kompyuta isipokiona kifaa, shuku waya kwanza. Nyaya nyingi za bei nafuu zinapitisha umeme bila data, kwa hiyo kifaa kinachaji vizuri huku kompyuta ikisema hakuna kitu.

Vitabu ulivyonunua vyenye kufuli la kidijitali ni mtego mwingine. Cha Amazon hakifunguki kwenye Kobo, na cha Kobo hakifunguki kwenye Kindle. Tena mnamo Februari 26, 2025, Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya. Hapa kishikwambi kina uhuru ambao kisomaji hakina: unaweka programu ya Kindle, ya Kobo na Google Play Books kwa pamoja, na kwa faili zako mwenyewe unaweka ReadEra au KOReader. Kama vitabu vyako tayari vimetawanyika kwenye maduka mawili, hilo peke yake linaweza kuamua ununue nini.

Kwa matumizi ya nyumba nzima sioni ubishi. Simu za video, masomo ya watoto, mapishi jikoni, fomu za kujaza: kishikwambi. Kwa mtoto, tumia kipengele cha Android cha kubandika programu moja skrinini, ukiwasha nambari ya siri ya kutokea, vinginevyo kitabu kitadumu dakika tano kabla ya katuni. Jikoni kuwa mwangalifu na maji, maana vishikwambi vingi havina kinga. Visomaji vyenye alama ya IPX8, kama Paperwhite, vinapimwa kwa maji yasiyo na chumvi kina cha mita 2 kwa dakika 60; kikiingia maji ya chumvi au yenye sabuni, kisuuze kwa maji safi, na usichaji mpaka tundu la USB likauke kabisa.

Ukinunua kishikwambi cha kusomea, angalia idadi ya pikseli kabla ya jina. Inchi 10.1 yenye 1280 kwa 800 ni pikseli 149 tu kwa inchi na kingo za herufi zinaonekana zimechakaa. 1920 kwa 1200 inafika 224, na hapo maandishi yanatulia. RAM isipungue GB 4. Kwa kisomaji, GB 16 za kuhifadhia zinatosha kwa maelfu ya riwaya, kwani moja mara nyingi haifiki MB 2. Vibonzo na skani ndivyo vinavyomaliza nafasi.

Udhaifu mkubwa wa kisomaji ni kwamba ndani ya skrini nyingi kuna bamba jembamba la kioo. Kikikaliwa au kikibanwa ndani ya begi, bamba linapasuka huku uso wa juu ukiwa mzima kabisa, na unaona mistari au pembe iliyoganda na maandishi ya zamani. Skrini mpya inakaribia bei ya kifaa kizima, kwa hiyo kava gumu si pambo. Kabla ya kukubali cha mtumba, fungua ukurasa mweupe mtupu gizani, pandisha taa hadi mwisho, tafuta madoa na mistari ambayo haiondoki baada ya kumeta. Kisha hakikisha aliyekuuzia ameondoa akaunti yake mbele yako na wewe umeingiza yako ikakubali.