Ubani wa nikotini kwa anayetumia methadoni: dawa nzuri, mauzo mabaya

Ubani wa nikotini wa miligramu 4, yaani jojo ya kumsaidia mtu kuacha sigara, ambao nimeutumia hapa Mbeya nikiwa bado ninakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi, ni bidhaa inayofanya kazi yake vizuri lakini inauzwa kana kwamba ni pipi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya waraibu wenzangu walio kwenye matibabu na kwa ndugu zao wanaowanunulia dawa, kwa sababu maelezo yanayopatikana kuhusu ubani huu yameandikwa kwa ajili ya mvutaji wa kawaida, na mtu aliyetoka kwenye unga, yaani heroini, si mvutaji wa kawaida.

Anayetumia methadoni anayo nafasi nzuri kuliko wengi ya kuelewa ubani huu unavyofanya kazi. Heroini inayovutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, humpandisha mtu na kumwangusha, na baada ya saa kadhaa arosto, yaani mateso ya kuikosa, humrudisha kijiweni. Methadoni hupanda polepole, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na kwa mtu aliyekwisha kuizoea dozi yake haitoi stimu. Sigara na ubani vimetofautiana kwa namna hiyohiyo. Nikotini ya sigara hugonga ubongo ndani ya sekunde kati ya kumi na ishirini, ilhali ya ubani hupenya taratibu kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo na kufikia kilele baada ya takriban nusu saa, bila lami wala moshi wenye sumu ya kaboni. Kwa hiyo mtu anayetafuna ubani huu akisubiri raha ya pafu la kwanza ataisubiri mpaka jioni. Kazi yake ni kupunguza hamu, hasira na kukosa utulivu, dalili ambazo huwa kali zaidi katika siku tatu za mwanzo na hulegea kadiri wiki zinavyopita.

Jinsi ya kuutafuna ndipo fedha za wanunuzi wengi zinapopotelea. Katika famasi niliyonunua pakiti yangu niliambiwa tu kwamba "ni jojo, unatafuna", na karatasi ya maelezo iliyokuwamo kwenye boksi haikuwa na neno hata moja la Kiswahili. Ukweli ni kwamba ubani huu hautafunwi mfululizo. Unautafuna polepole hadi uhisi ladha kali kama ya pilipili, kisha unauegesha kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upungue, halafu unautafuna tena, na kipande kimoja hudumu kama nusu saa. Anayeutafuna haraka kama jojo ya dukani humeza nikotini pamoja na mate, na malipo yake ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Jambo hili la kichefuchefu si dogo kwa mtu wetu, kwa kuwa akijisikia vibaya tumboni hudhani methadoni inamkataa au arosto imerudi, naye hukimbilia sigara, au jambo baya zaidi ya sigara.

Kahawa nayo inahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu katika baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya ni watu wachache wanaopita kijiwe cha kahawa bila kusimama. Kahawa na soda huufanya mdomo uwe na asidi, na nikotini haipenyi vizuri katika mdomo wenye asidi. Ndiyo maana inashauriwa kuviacha kwa dakika 15 kabla ya kutafuna na muda wote ubani ukiwa mdomoni. Kuna la pili ambalo famasi hawakunieleza. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, kwa hiyo mtu akiacha kuvuta huku akiendelea na vikombe vilevile vya kahawa, kafeini hujikusanya mwilini, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka na usingizi humtoroka. Dalili hizo zinafanana mno na za kuacha nikotini, na kwangu kupunguza kahawa kulisaidia kuliko kuongeza vipande vya ubani.

Kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe ni meno. Wengi wetu tumetoka kwenye unga tukiwa na meno yaliyooza, na methadoni hukausha mate, jambo ambalo huyaharibu zaidi; kumpa mtu mwenye meno mabovu dawa ya kutafuna mchana kutwa ni kumwongezea maumivu. Kwake plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi ingefaa zaidi, na kwa mwenye uraibu mzito wa sigara utafiti umeonyesha kwamba plasta pamoja na ubani husaidia kuliko kimoja peke yake. Shida ni kwamba plasta nimeitafuta Mwanjelwa mpaka Uyole bila kuiona. Ubani wenyewe hupatikana kwa kuagizwa, na bei yake inamwumiza mtu anayeishi kwa vibarua, hasa akikumbuka kwamba sigara inauzwa moja moja kwenye kila genge na kwamba tumbaku inalimwa Chunya, mkoani humuhumu. Wapo wanaokimbilia ugoro au kuberi kwa kuwa ni rahisi. Siupendekezi mbadala huo hata kidogo, kwani hiyo ni tumbaku ileile, nayo huleta saratani ya kinywa.

Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliokaa muda mrefu bila unga, kwamba mtu asiache vyote kwa mpigo na kwamba sigara ni fimbo ya kutembelea mpaka apone. Ninaheshimu uzoefu wao, lakini hoja hiyo haikubaliani na matokeo ya utafiti: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004, uliokusanya majaribio mbalimbali, ulionyesha kwamba waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa kwenye matibabu ya uraibu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kubaki mbali na pombe na dawa za kulevya. Kwa aliyezoea kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi au tumbaku, sababu haihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa kila anapowasha sigara mkono na pua vinakumbushwa kitu kingine. Hata hivyo nisidanganye: majaribio yaliyofanywa kwa watumiaji wa methadoni yameonyesha kwamba wanaofanikiwa kuacha sigara ni wachache kuliko katika watu wengine, na methadoni yenyewe huongeza hamu ya kuvuta katika saa chache baada ya dozi. Saa hizo ndizo za kuwa na ubani mfukoni.

Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na nguvu yake imo katika dirisha: unafika, unakunywa mbele ya mhudumu, unaulizwa hali, unarudi kesho. Ubani ungetolewa kwenye dirisha hilohilo, ningeupa alama zote. Kwa sasa unanunuliwa famasi na mtu asiye na wa kumwuliza, ambaye anabaki na pakiti nzima na uamuzi wake mwenyewe.

Anayetaka kujaribu aanze kwa kumweleza daktari wake wa methadoni, kwa sababu kumeripotiwa mgonjwa aliyelemewa na dozi yake ileile ya methadoni baada ya kupunguza sigara. Miligramu 4 ni za anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Wengine miligramu 2 zinawatosha. Katika wiki sita za mwanzo kipande kimoja kila baada ya saa moja au mbili ndicho kipimo cha kawaida, bila kuvuka vipande 24 kwa siku, kisha mtu hupunguza hadi aache kwenye mwezi wa tatu. Anunue pakiti ndogo kwanza, na kama yupo ndugu anayemwamini nyumbani, amkabidhi amgawie vipande vya siku kila asubuhi.