Lenzi ya Sonara ya Mara 30: Nimeijaribu Kwenye Pete Yenye Mihuri

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo nina lenzi ya sonara, hii ya kukunja, boksi limeandikwa inakuza mara 30. Kifuko na uzito nayaruka, hayo mnayajua. Nataka twende moja kwa moja kwenye muhuri, yaani zile alama ndogo zinazogongwa kwenye dhahabu au fedha, maana lenzi isiyosoma muhuri ni ya nini?

Pete hii ni ya dhahabu, usafi wake umepimwa Uingereza. Tazameni mkono wangu. Lenzi naibana karibu kabisa na jicho, kiganja kimeegemea shavu kisitetemeke, halafu pete ndiyo inayosogea. Wengi wananyanyua lenzi juu ya pete kama wanasoma gazeti, kisha wanasema hawaoni kitu. Taa iwe ubavuni, ili mchongo utupe kivuli.

Sasa... jamani! Katikati panaonekana kidogo, pembeni kote ni rangi za upinde wa mvua. Tarakimu ya kwanza siwezi kuapa kama ni 3 au 8. Na ili nione hata hivyo, pete lazima iwe chini ya sentimita 1 kutoka kwenye kioo, kwa hiyo kichwa changu kinaziba mwanga wote. Hili linaniudhi sana, kwa sababu mtu ananunua akidhani namba kubwa ndiyo bora.

Nachukua yangu ya zamani, mara 10 tu, yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja. Pete ikae kama sentimita 2.5. Aah! Oneni wenyewe: 375. Yaani sehemu 375 za dhahabu katika 1000, karati 9. Ingekuwa 750, ni karati 18. Na angalieni fremu yake, ina pembe zilizokatwa. Hiyo ni ya dhahabu. Fremu ya yai ni ya fedha, na ile kama nyumba yenye paa ni ya platinamu.

Jirani yake kuna nanga. Hapa ndipo moyo wangu unapotulia, kwa sababu nanga ni alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham. London ni kichwa cha chui, Sheffield waridi, Edinburgh ngome. Zile herufi mbili pembeni ni za aliyeipeleka pete kupimwa. Hii herufi moja ni ya mwaka, ila isomeni pamoja na fremu na mwandiko wake, kwa sababu herufi zinajirudia kila mzunguko. Msipoiona msiogope, tangu 1999 si ya lazima.

Nasisitiza nanga kwa sababu niliwahi kununua mkufu uliogongwa 925 peke yake kwenye kifungio, namba ya fedha, yaani sehemu 925 katika 1000. Baada ya muda weupe ukachubuka, chini ni shaba ya njano. Namba peke yake ni neno la muuzaji. Nanga ni neno la mpimaji asiyeuza kitu. Ila kitu chepesi msikihukumu haraka: kwa sheria ya Uingereza, dhahabu chini ya gramu 1 na fedha chini ya gramu 7.78 haidaiwi muhuri. Mkikuta GP, hiyo imechovywa dhahabu juu tu. EPNS nayo imechovywa fedha. Ndani ni shaba, nikeli na zinki.

Turudi kwenye lenzi. Taa yake ndogo nimeipenda, nakiri, na bei yake ni ya chini kuliko ile yangu. Dakika chache zilizopita nilitaka kuitupa. Sasa nasema itafaa kuangalia kama kifungio kimelegea au jiwe linacheza. Kusoma muhuri, hapana, ongezeni pesa mchukue ya mara 10.

Wiki ijayo ni zamu ya sumaku, mmeniomba sana. Ule mkufu wangu wa shaba haukushikwa na sumaku hata kidogo, nitawaonyesha.