Ziara ya majengo Mji Mkongwe na msanifu: nendeni, ila vaeni viatu vizuri

Hii ziara ya majengo kwa kweli nimeipenda, si zile za kuonyeshwa milango kisha mnapelekwa dukani kununua viungo. Anaeongoza ni msanifu mwenyewe na anaikosoa fani yao bila haya, ati wasanifu wanapiga picha jengo likiwa jipya halafu hakuna anaerudi baada ya miaka kuuliza wanaokaa mle wanaonaje. Katupeleka kwenye ukuta mmoja wa mawe na chokaa, mtu kaupiga plasta ya saruji juu, ukiugonga kwa kidole unasikia mtupu, unyevu umeingia hauna pa kutokea na plasta inabanduka vipande vipande. Na vile vyumba vyembamba vya nyumba za zamani kumbe ni urefu wa boriti za mkoko tu ndo uliopanga, basi.

Beit al-Ajaib, ile kasri ya zamani ya sultani, tuliitazama kwa nje, ya 1883 ile, upande mmoja uliporomoka 2020, na hapo mabishano yakawaka: ijengwe vile vile au sehemu mpya ijulikane kuwa mpya? Michenzani nayo, maghorofa ya msaada wa Ujerumani Mashariki, kayatetea sana lakini mie sijakubaliana nae, marefu yale yanachosha macho.

Kasoro: watu wengi mno, vichochoroni wa nyuma hatusikii kitu, na mabaraza yote yale hatukukaa hata moja, jamani jua lile! Bei ya wenyeji ipo ila uulize mwenyewe, hawakwambii.