Uzoefu wangu wa kuhama kutoka upangishaji wa pamoja kwenda VPS

Kwa miaka minne tovuti yangu ya mafunzo ya hisabati, inayoendeshwa kwa WordPress, ilikaa kwenye upangishaji wa pamoja, ambamo tovuti nyingi za watu mbalimbali hugawana seva moja. Malipo yalikuwa madogo na kazi zote zilifanyika kwenye paneli ya udhibiti, hivyo sikuwa na malalamiko hadi wageni walipoongezeka na kurasa zikaanza kuchukua sekunde nane au zaidi kufunguka. Nilipomuuliza mpangishaji, nilijibiwa kwamba nimevuka kiwango changu. Hawakusema ni kiwango cha prosesa au cha RAM (kumbukumbu ya muda ya seva), nami sikuwa na njia ya kujionea.

Nilihamia VPS, yaani seva pepe ya binafsi iliyotengwa ndani ya mashine kubwa na unayoisimamia mwenyewe, kwa sababu hiyo hasa: nilitaka kuona. Nilichukua RAM ya GB 2, prosesa mbili na diski ya SSD ya GB 40, nikasakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu, programu ya seva ya wavuti Nginx na ya hifadhidata MariaDB, kisha nikawasha faili ya kurekodi maulizo yanayochelewa kwenye hifadhidata. Siku ya pili chanzo kilijulikana. Programu-jalizi ya takwimu ilikuwa ikiandika kwenye jedwali kubwa lisilo na faharasa kila ukurasa ulipofunguliwa, na kabla ya kuandika ililipekua lote kumtafuta mgeni yule yule. Nilipoiondoa, kurasa zikawa zinafunguka chini ya sekunde moja. Inawezekana kabisa kwamba hata kule nilikotoka ingetosha kuiondoa, lakini nisingeijua.

Anayenunua VPS aulize kwanza imetengenezwa kwa teknolojia gani. Ile ya kwanza niliyolipia ilikuwa ya aina ya kontena, inayotumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine mama, kwa hiyo sikuweza kubadilisha kerneli wala kuongeza swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM inapojaa. Ya sasa inatumia KVM, teknolojia iliyoingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2007, na kila seva ina kerneli yake. Hata hivyo prosesa halisi bado tunagawana na wapangaji wengine, na ndiyo maana hutazama mara kwa mara tarakimu ya "st" katika amri ya top, inayoonyesha asilimia ya muda ambao seva yangu ilisubiri prosesa iliyokuwa ikiwahudumia wengine. Nililipia mwezi mmoja tu kwanza, nikaifuatilia tarakimu hiyo, na ilipobaki karibu na sifuri ndipo nikalipia mwaka.

Kazi ya ulinzi ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Saa chache baada ya seva kuwashwa, rekodi zilijaa majaribio ya kubahatisha nenosiri kupitia SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali, nikalazimika kuzima kabisa kuingia kwa nenosiri na kubaki na funguo za kidijitali peke yake. Cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti, kutoka Let's Encrypt hudumu siku 90, hivyo nilipanga kijihuishe chenyewe. Nakala rudufu huzituma kila usiku kwa kampuni nyingine, kwa kuwa nakala iliyo kwa mpangishaji yule yule inaweza kupotea pamoja na seva. Barua pepe sikuihamisha, maana wapangishaji wengi hufunga lango la 25, linalotumika kutuma barua pepe.

Ninayo pia tovuti ya kurasa tano ambayo huihariri mara mbili kwa mwaka. Hiyo nimeiacha kwenye upangishaji wa pamoja, na sina mpango wa kuihamisha.