Vifaa vya Kufundishia na Kudurusu Fasihi ya Kiingereza Sekondari: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Fedha za fasihi hupotea kwa njia ile ile kila mwaka. Vitabu vya uchambuzi vinaagizwa kwa wingi, huku riwaya yenyewe ikibaki nakala chache za kugombaniwa. Mwanafunzi anaingia kwenye mtihani akizijua dhamira zote za tamthilia, lakini hajui mhusika alisema nini. Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa kipimo kimoja: kifaa hiki kinamrudisha mwanafunzi kwenye maneno ya mwandishi, au kinampa njia ya kuyakwepa?

1. Matini kamili, toleo moja kwa darasa zima

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Kila mwanafunzi awe na nakala yake, na nakala zote ziwe za toleo lile lile. Sharti hilo la pili ndilo hupuuzwa, kisha linakula dakika za kipindi: mwalimu anasema "ukurasa wa 64", na nusu ya darasa inatazama sura nyingine kabisa.

Tatizo si namba za kurasa peke yake. Katika tamthilia za Shakespeare, sehemu za nathari hukatwa mistari kulingana na upana wa ukurasa, hivyo namba za mistari hazilingani kati ya mchapishaji mmoja na mwingine. Hamlet ina matini tatu za kale, za 1603, 1604 na 1623. Ile ya kwanza ina urefu wa zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pili. Wahariri huchagua tofauti miongoni mwa hizo, na hotuba nzima inaweza kuwemo katika toleo moja na kukosekana katika jingine. Riwaya ya Frankenstein nayo ina toleo la 1818 na lile ambalo Mary Shelley alilirekebisha mwaka 1831. Katika la kwanza Elizabeth ni binamu kwa damu wa Victor, mhusika mkuu. Katika la pili ni mtoto wa kulelewa asiye na undugu naye. Kiumbe anayeundwa na Victor anapata uhai katika Sura ya 4 ya juzuu la kwanza la 1818, lakini katika Sura ya 5 ya 1831. Mwanafunzi mwenye toleo lisilo la silabasi ataandika ukweli na bado aonekane amekosea.

Ushairi una mtego wake. Mashairi ya Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, yalipoanza kuchapishwa mwaka 1890, wahariri waliyasawazisha: walibadilisha alama za uakifishaji na kuyapa baadhi vichwa ambavyo hakuyapa mwenyewe. Vistari vyake virefu (—) vilirudishwa kwa ukamilifu katika toleo la 1955. Nakala za bure mtandaoni mara nyingi ni zile za zamani, kwa sababu hakimiliki yake imekwisha. Ukifundisha athari ya kistari wakati karatasi ya mwanafunzi ina mkato, somo limeharibika kabla halijaanza.

Kwa sababu hizo, agiza kwa ISBN, ile namba ya tarakimu 13 iliyo nyuma ya jalada. Jina la kitabu peke yake halitoshi. Kabla ya kulipia idadi kubwa, omba nakala moja uikague hivi:

- Fungua katikati, kisha tazama uti wa kitabu kutoka juu. Ukiona vijitabu vidogo vilivyokunjwa na kushonwa kwa uzi, kitahimili miaka. Ukiona gundi tupu, kurasa za katikati ndizo zitakazoanza kuchomoka, kwa kuwa hapo ndipo kitabu hupanuliwa zaidi.
- Pima pambizo la nje. Sentimita 2 ndicho kiwango cha chini cha kuandikia kwa penseli.
- Tafuta tanbihi zilipo. Zikiwa ukurasa ule ule au ukurasa unaoelekeana nao, zitasomwa. Zikiwa mwisho wa kitabu, wanafunzi wengi hawatazifungua.
- Soma jalada na ukurasa wa hakimiliki. Maneno "abridged", "retold" au "adapted" yanamaanisha kwamba lugha ya mwandishi imefupishwa au imebadilishwa. Rudisha.

Matoleo ya chuo kikuu, yale ambayo tanbihi humeza nusu ya ukurasa, yanamfaa mwalimu. Nunua moja. Ama matoleo yenye Kiingereza cha kisasa sambamba na cha Shakespeare, yatumie kwa tahadhari: jicho la mwanafunzi hukimbilia upande mwepesi, na siku ya mtihani ananukuu tafsiri ya mhariri akidhani ni ya mwandishi. Isitoshe, upande ule kwa kawaida ni nathari, kwa hiyo mapigo ya mshororo yametoweka.

Kwa darasa la wanafunzi 40, agiza nakala 44: moja ya mwalimu na tatu za akiba. Fedha zikitosha nakala za darasa moja tu, zitoe zote kwa darasa hilo kwa muhula mmoja, kisha zihamie darasa jingine wakati la kwanza likiwa kwenye ushairi. Kugawana kitabu kimoja watu wawili mwaka mzima ni hasara. Hakuna anayeandika pambizoni, na mmoja wao hana cha kusoma jioni.

Kazi za kale zinapatikana bila malipo kwenye tovuti za Project Gutenberg na Standard Ebooks, na tamthilia za Shakespeare zilizohaririwa vizuri zipo kwenye tovuti ya Folger, maktaba ya Shakespeare. Hizo zinafaa kwa kuchapa vifungu. Kwa waandishi waliofariki karibuni, kagua sheria ya nchi yako. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimekifikisha 70.

2. Mitihani iliyopita, pamoja na mwongozo wa kusahihisha na ripoti ya watahini

Bodi nyingi za mitihani hutoa hivi bure, kwa hiyo unacholipia hasa ni karatasi na wino. Chukua vyote vitatu. Maswali bila mwongozo wa kusahihisha humwacha mwanafunzi akijipa alama kwa huruma. Na ripoti ya watahini, ambayo watu hawaifungui, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu inataja makosa yenyewe: kusimulia hadithi badala ya kujibu swali, kutaja tashbihi na sitiari bila kueleza zimefanya nini, kusahau nusu ya pili ya swali.

Kagua msimbo wa silabasi na mwaka. Vitabu teule hubadilika, na muundo wa swali pia hubadilika hata kitabu kikibaki. Mikusanyo iliyochapwa na kuuzwa inafaa tu ikiwa majibu yake yana maelezo ya kwa nini yamepata alama hizo.

Unapochapa kifungu cha kuchambuliwa, kiweke peke yake kwenye upande mmoja wa A4, herufi za pointi 12, pambizo la sentimita 4 kulia. Kikivuka kwenda ukurasa wa pili, wanafunzi huchambua mwanzo na kuusahau mwisho.

3. Kadi tupu

Kadi tupu, nasisitiza. Zilizochapwa tayari zinamnyima mwanafunzi kazi iliyo na faida, yaani kurudi kitabuni na kuamua nukuu ipi inafaa. Mwaka 2013, mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujifunza. Kujipima na kudurusu kwa vipindi vilivyoachana viliwekwa daraja la juu. Kupaka mistari rangi na kusoma upya viliwekwa la chini. Hapo ujue fungu la kalamu za rangi lihamie wapi.

Nunua kadi za ukubwa wa A6, uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita mraba. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 huonyesha jibu upande wa pili. Kadi 40 hadi 50 kwa kila kitabu zinatosha. Zaidi ya hapo hazitarudiwa.

Mbele andika swali, nyuma nukuu ya maneno matatu hadi saba, mahali ilipo, na jambo moja kuhusu neno lililochaguliwa. Kwa mfano, mbele: "Macbeth anaonyeshaje kuwa ushindi haujampa amani?" Nyuma: maneno yake kuhusu akili iliyojaa nge, Tendo la 3, onyesho la 2, na swali dogo: kwa nini nge, na si simba? Nukuu ndefu huachwa nusu njia, na ile isiyo na swali mbele hukaririwa kisha ikakosa pa kuchomekwa.

Visanduku vitatu vinatosha kuzipanga, kwa utaratibu ambao Sebastian Leitner aliuelezea mwaka 1972. Kadi mpya hurudiwa kila siku. Ukiipata inahamia kisanduku cha kila siku ya tatu, kisha cha kila wiki. Ukiikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Anayependa simu atumie Anki, programu ya kadi za kudurusu isiyolipiwa kwenye kompyuta na Android, lakini atengeneze kadi zake. Zile zinazogawiwa mtandaoni huweza kuwa na nukuu zilizokosewa.

4. Rekodi za sauti

Kwa tamthilia na ushairi ni bora kuliko vitabu vingi vya uchambuzi, mradi kitabu kiwe wazi mbele ya msikilizaji. Thibitisha kwamba rekodi haijafupishwa, na kwamba imefuata toleo lenu. LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti, ni ya bure, inasomwa na watu wa kujitolea, na ubora hutofautiana sana kutoka msomaji hadi msomaji. Sikiliza dakika tano za katikati, maana mwanzo karibu wote husoma vizuri. Usisahau spika. Ya simu haifiki dawati la nyuma.

5. Vitabu vya uchambuzi

Vitano vya kuazimwa kwenye rafu ya darasa, si kimoja kwa kila mtoto. Vipime kwa mambo mawili. Chukua nukuu tano bila mpangilio uzilinganishe na matini. Ikikosewa hata moja, kirudishe. Kisha soma insha ya mfano. Kama haina maelezo ya msahihishaji pembeni, itakaririwa nzima na kubandikwa kwenye swali lolote litakaloletwa, na watahini wanaitambua kutoka aya ya kwanza.

6. Kamera ya mezani na projekta

Inafaa sana kuonyesha mshororo ukichambuliwa kwa penseli papo hapo. Ila simu kwenye kishikio imara hufanya kazi hiyo hiyo. Epuka kuweka karatasi zilizopakwa plastiki chini yake, kwani taa hurudisha mwanga na maneno hayasomeki.

7. Filamu na mabango

Filamu nunua ikiwa mnaweza kulinganisha onyesho moja katika matoleo mawili, dakika tano hadi nane kila moja, huku matini ikiwa mezani. Ikitazamwa nzima kabla ya kusoma, matukio aliyoyabuni mwongozaji yatajitokeza kwenye insha. Mabango ya wahusika hayaonekani tena na mtu baada ya wiki mbili ukutani. Nunua karatasi tupu za A3 na gundi, wanafunzi watengeneze yao, wayabandue kila mnapoanza kitabu kipya.