Treni ya Mvuke ya Milima ya Nilgiri: Tathmini kwa Wazazi wa Pwani

Familia nyingi za Mombasa huijua India kwa njia ya hospitali. Mzee hupelekwa kutibiwa Chennai au Coimbatore, jamaa hufuatana naye, na watoto, ikiwa shule zimefungwa, huchukuliwa pia kwa kuwa nyumbani hakuna wa kubaki nao. Ndivyo ilivyotokea kwetu: nyanya yao alikuwa Coimbatore akisubiri majibu ya vipimo, nasi tukatafuta jambo la kuwatoa watoto katika vyumba vya kungojea. Tulichagua treni ya zamani inayokwea milima ya Nilgiri, na ninaitathmini hapa kwa jicho la mzazi, kwa sababu wengi walioiandika ni wapenzi wa injini ambao hawakuwa na mtoto wa miaka minne mapajani.

Reli hii huanzia Mettupalayam, mji mdogo ulio kaskazini mwa Coimbatore, na kupanda hadi Udagamandalam, ambako kila mtu hukuita Ooty. Ina urefu wa kilomita 46 tu, lakini katika kilomita hizo treni hutoka mita 326 juu ya usawa wa bahari hadi kupita mita 2,200, ikipinda kona 208, ikivuka madaraja 250 na kupenya mahandaki 16. Safari ya kupanda huchukua karibu saa tano. Mtoto wa Mombasa aliyezoea SGR anajua kwamba kwa saa tano mtu hutoka Miritini akafika Nairobi. Hivyo aelezwe mapema kwamba huku muda ule ule utampeleka umbali wa kupita Mariakani kidogo tu. Asipoelezwa, ataanza kuuliza "tumefika?" kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni.

Kwa watoto wakubwa yapo mengi ya kusimulia kuhusu historia. Kipande cha kwanza, kutoka Mettupalayam hadi Coonoor, kilifunguliwa mwaka 1899, na huo ndio mwaka ambao reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Upana wa njia zote mbili ni mmoja, yaani mita moja kamili kati ya chuma na chuma, kwa kuwa reli yetu ya zamani ilifuata vipimo vilivyokuwa vikitumika India, na maelfu ya waliotandika mataruma yake waliletwa kutoka huko huko. Njia ya Nilgiri ilifika Ooty mwaka 1908, na mwaka 2005 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na ile ya Darjeeling iliyotangulia mwaka 1999. Kijana wetu wa darasa la saba, ambaye huziona reli zile kuukuu kila anapopita Changamwe, alivutiwa na habari hiyo kuliko nilivyotarajia.

Treni huondoka Mettupalayam saa moja na dakika kumi asubuhi, na kwa siku huwa moja tu ya kupanda kutoka hapo. Mabehewa ni ya mbao, yamepakwa rangi ya buluu na maziwa, na viti vyake ni vya kubanana. Jambo la kwanza lililowashangaza watoto ni kwamba injini haipo mbele. Hukaa nyuma, upande wa chini, na kuyasukuma mabehewa, ili pakitokea hitilafu yoyote mlimani yawe yameegemea injini. "Baba, mbona mbele hakuna kichwa?" aliuliza binti yetu, na jibu akalipata kwa macho yake: kila behewa lina mshika breki wake, anayekaa kwenye kibaraza cha mbele akiwa na bendera, na ishara hupitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa dereva kule nyuma.

Uhondo wenyewe huanza Kallar. Kuanzia stesheni hiyo hadi Coonoor mteremko ni mkali mno kwa magurudumu ya kawaida, kwani treni hupanda mita moja kwa kila mita 12 za mwendo. Kwa hiyo katikati ya reli mbili pamelazwa pau mbili za chuma zenye meno, makali kama ya mbuzi ya kukunia nazi. Ni ubunifu wa mhandisi wa Uswisi, Roman Abt, ambaye aliyapanga meno ya pau mbili hizo kwa kupishana, hata jino moja linapoachia jingine huwa limekwisha kushika. Injini za mvuke zilizoundwa Winterthur, Uswisi, zina silinda nne: mbili huzungusha magurudumu, mbili huzungusha gia inayouma meno hayo. Si lazima mtoto aelezwe haya yote, maana atayasikia. Treni hupunguza mwendo, mlio wa mvuke hubadilika ukawa mzito na wa kukatika, na sakafu hutetemeka chini ya nyayo. Mdogo wetu aliivua kandambili yake makusudi ili aisikie vizuri zaidi.

Katika kipande hiki hakuna mtoto aliyelalamika. Kila handaki hupokewa kwa mayowe ya behewa zima, wazee wakiwemo, na treni husimama mara kadhaa ili injini inywe maji. Huko Hillgrove wasafiri hushuka kunyoosha miguu, na nyani wadogo wa pale wanaijua ratiba kuliko abiria. Ndizi na biskuti zisionekane mkononi mwa mtoto. Sisi tunaoishi na tumbili wa Nyali na Diani hatukuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Ila mzazi ajue kwamba ndani ya mabehewa hakuna choo. Vyoo viko stesheni, na anayemfundisha mtoto kuacha nepi angoje mwaka mwingine. Kutembea ndani ya treni nako hakuwezekani, kwa kuwa kila chumba kina mlango wake wa pembeni na hakiunganiki na kingine.

Coonoor injini ya mvuke huondolewa na ya dizeli hufungwa. Kipande kilichobaki hupita mashamba ya chai na mikaratusi, mandhari ambayo aliyewahi kufika Limuru au Kericho hataiona ngeni, na watoto wetu walilala karibu njia yote. Kwa maoni yangu, mwenye watoto wadogo akate tiketi ya kuishia Coonoor, amalizie kwa gari. Mwenye wachanga kabisa aende Ooty kwa barabara, kisha awapandishe treni za dizeli zinazoshuka Coonoor mara kadhaa kwa siku. Ni safari ya saa moja na ushei, ingawa mvuke na meno hawatayaona.

Tiketi ndizo tabu kubwa. Nafasi ni chache, nazo huisha wiki kadhaa kabla ya safari. Wakala mmoja tuliyempitia alituahidi daraja la kwanza na kututoza ada yake, tukaja kukuta majina yetu yako daraja la pili. Basi mtu adai kuiona tiketi yenyewe kabla ya kulipa. Likizo zetu pia hazioani vizuri na milima ile. Aprili hali ya hewa ni nzuri, lakini ndipo Wahindi wa tambarare wanapokimbilia Ooty kukwepa joto. Agosti ni mvua, na kati ya Oktoba na Desemba maporomoko ya udongo huifunga njia mara kwa mara, pengine kwa siku nyingi. Ningechagua Aprili na kuwahi tiketi.

Nguo za baridi zisidharauliwe. Mettupalayam ni joto la kutoa jasho. Ikifika saa sita mchana Ooty, mtoto wa Pwani atatetemeka. Tuliwavalisha sweta juu ya fulana, na leso za mama yao zikamaliza kazi. Maji yabebwe katika chupa za kudumu, kwa kuwa wilaya ya Nilgiri imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja. Wanaotoka Kenya wasiisahau pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa wanapoingia India.

Kushuka kwa treni huchukua kama saa tatu na nusu, kuanzia saa nane mchana. Sisi tulirudi kwa teksi, na kwa kona za barabara ile, mifuko ya kutapikia ilitumika yote.